Wendell Apanda Maua ya Baridi

Mimi nimezaliwa humu humu jangwani Arizona, nimeendesha basi la shule mpaka mgongo ukagoma, na msimamo wangu kuhusu maua mtaa mzima unaujua. Tuna mawe, tuna madungusi, tuna mti mmoja wa kivuli. Yanatosha. Mtu akitaka bustani ya kuchanua, basi aende huko yanakoota yenyewe bila kubembelezwa.

Kwa hiyo jirani yangu Wendell Stuckey alipokuja mwezi wa nane kuazima toroli, nikamkazia macho. Wendell ni mjane, fundi wa lifti aliyestaafu, mtu wa Nebraska. Ni mrefu na mpole, na ana haya kupita kiasi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi.

"Toroli la nini?" nikamuuliza.

"Nataka kupanda pansi."

Pansi ni yale maua madogo yenye sura. Ukiinama kuyatazama unaona kama vizee vimenuna. Ni maua ya baridi. Huku kwetu hupandwa joto likishatokomea, yakachanua kipindi chote cha baridi, na jua likirudi kwa hasira zake yanakwenda zake ahera.

"Pansi, mwezi wa nane? Wendell, ukipasua yai juu ya boneti ya pikapu yangu saa hizi, umepata kifungua kinywa."

"Sipandi leo, Pepa. Leo natayarisha udongo tu."

"Udongo wa wapi? Kwako kote si kokoto?"

Akatazama viatu vyake. "Wa mlangoni kwa Ottilie."

Hapo nikaelewa yote, nikafungua mlango wa banda.

Ottilie Brandvold nyumba yake iko katikati, kati ya yangu na ya Wendell. Ni mmoja wa wale tunaowaita ndege: theluji ikianza kwao Minnesota anakuja, joto likianza kwetu anaondoka. Ni shoga yangu. Tunacheza karata, tunagombana, tunanuniana, kesho tunacheza tena. Wendell anampenda kwa miaka, na jambo hilo analijua kila mtu, hata anayekuja kuzoa taka. Asiyejua ni Ottilie peke yake.

Sasa mwezi wa nne, wakati wa kuondoka, Ottilie alituambia kwamba watoto wake wanataka akae karibu nao. Angerudi mwezi wa kumi na mbili mara moja tu, aiuze nyumba, basi. Nilipomwuliza kama hatatukumbuka, akauegemea ua wake, akatazama kokoto zilizotapakaa kila upande, akasema, "Shoga, mahali pasipoota hata pansi si mahali pa mtu kuzikwa." Akapanda gari akaenda. Maneno hayo Wendell aliyasikia, maana alikuwa nyuma yangu ameshika sanduku la Ottilie la mwisho la kupakia.

"Akifika azikute zimechanua mlangoni," Wendell akaniambia huku akilikagua gurudumu la toroli. "Akiziona, hatauza."

"Si umwambie tu asiuze?"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo zote posta.

Nilimcheka, nisidanganye. Lakini jioni niliketi mezani na karata zangu, nikatazama kiti cha pili, na kicheko kikaniisha. Nani mwingine angevumilia kucheza na mimi? Kesho yake nikamwita Wendell uani kwangu, nikampa kanuni ya hapa kwetu, ambayo mama yangu naye alipewa na mama yake.

"Usipande mpaka ulale na blanketi. Siyo blanketi na kiyoyozi. Kiyoyozi kimezimwa, dirisha liko wazi, na umejifunika kwa sababu unasikia baridi. Asubuhi yake ndiyo unapanda. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Hakunisikia.

Kila mwezi wa tisa hutokea asubuhi moja ya uongo. Unaamka, unafungua mlango, na hewa haikupigi kofi. Inakupapasa. Basi watu wazima wanarukwa na akili. Lavonne Tidwell, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, alionekana barabarani amevaa sweta. Mzee mmoja alikuwa anatembea huku anaimba. Na duka la mimea, ambalo linatujua udhaifu wetu, lilikuwa limeshapanga trei za pansi mlangoni, zambarau na njano, zimenuna vizuri kabisa.

Kufikia saa nne Wendell alishazipanda zote kwa Ottilie. Kufikia saa nane jua lilikumbuka kazi yake.

Nilimkuta amepiga magoti na mwavuli wa ufukweni, anazipepea kwa gazeti. Siku ya pili akaleta barafu. Siku ya tatu barafu ikaisha, akaenda kwenye friji yake akatoa pakiti zote za njegere zilizogandishwa, akazizungushia yale maua shingoni.

"Wendell, baba, unapika au unalima?"

"Zinaonekana zimechangamka kidogo."

Hazikuchangamka. Jioni ile mlango wa Ottilie ulinukia mboga za kuchemsha, na njegere ndizo zilizokuwa na hali nzuri zaidi. Mtu mzima yule alisimama pale na mwavuli wake, kidevu kinatetemeka, nami hasira zote zikaniisha. Nikamsaidia kung'oa maiti.

Ilibaki trei moja ambayo hakuwa ameipanda. Akaingia nayo ndani kwake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa.

Baada ya siku chache Lavonne alinijia mbio, amefunika mdomo kwa kitambaa. Lavonne ana mwili mzuri wa kukalia kiti cha mwenyekiti, na kumwona anakimbia si jambo la kila siku.

"Pepa, Wendell ana maiti ndani."

"Ya nani?"

"Nitajuaje? Mapazia yamefungwa mchana kutwa. Madirisha yanatoka jasho. Nimegonga kumwuliza habari za pipa lake la taka, akafungua mlango kidogo tu, na baridi iliyotoka mle, jamani, ni ya mochari! Na yeye amevaa koti la manyoya. Koti, Pepa! Nje digrii arobaini!"

"Labda anaumwa."

"Anaumwa? Nimezunguka nyuma nikamsikia kwa masikio yangu haya, anasema bafuni: 'Vumilia mpenzi, muda si mrefu nitakuweka udongoni.'"

Nilikuwa nimeshajua ni nini, lakini namfahamu Lavonne. Ukimweleza haamini, sharti aone. Tena, kusema kweli, nilitaka kuiona sura yake. Tukaenda. Wendell akafungua, pua nyekundu, kofia ya masikio kichwani.

"Karibuni," akasema kwa sauti ya mafua. "Fungeni mlango haraka, tafadhali."

Lavonne alimsukuma akaenda moja kwa moja bafuni, akavuta pazia la beseni la kuogea kwa nguvu, akapiga yowe kabla hajatazama. Halafu akatazama. Kwenye beseni, juu ya taulo iliyokunjwa vizuri, pansi zilikuwa zimekaa kwa safu na taa ndogo ya kusomea imeziinamia, zote zimemkazia Lavonne macho kwa dharau.

"Ni nini hiki?"

"Ni za Ottilie," Wendell akasema kwa sauti ndogo.

"Ottilie anajua zinaoga hapa?"

Nikamweleza mimi, maana Wendell alikuwa amegeukia ukuta. Nikamwambia habari ya nyumba kuuzwa, na ya pansi, na ya mahali pa kuzikwa. Lavonne akakaa juu ya kifuniko cha choo, akaanza kulia. Ana machozi ya karibu, mama yule.

"We Wendell, kwa nini hukusema kama ni mapenzi? Siku zote hizi nakutilia shaka. Kamati haikatazi mapenzi! Kamati inakatazwa tu rangi za ukuta zinazopiga kelele."

"Inakataza," nikamrekebisha.

"Hebu niache nilie, Pepa."

Tangu siku hiyo Wendell hakuwa peke yake. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ukageuka bibi harusi. Watu wakawa wananipungia mkono asubuhi wakiuliza, "Umejifunika?" nami najibu, "Bado!" na wao wanasonya. Mwezi wa kumi wote nililala nimetupa shuka sakafuni. Kisha, mwezi wa kumi na moja, niliamka alfajiri moja nimejikunja kama kamba, blanketi nimelivuta hadi puani, dirisha liko wazi. Sikungoja hata chai. Nilitoka na gauni langu la kulalia, nikavuka kwa Ottilie, nikapiga ukuta wa Wendell kwa ufagio.

"Nimejifunika!" nikapiga kelele. "Wendell! Nimejifunika!"

Alitoka na trei ya bafuni mikononi kama anayebeba keki ya harusi. Tukaenda dukani na pikapu yangu tukaongeza nyingine. Lavonne akaleta samadi, wengine wakaleta koleo na ushauri, ushauri ukiwa mwingi kuliko samadi. Na kweli, zilipopata udongo wa baridi, zile pansi zilijua ziko wapi. Wiki zikapita, zikajaa, zikabebana mabegani, zambarau, njano na nyeupe, mlango wote wa Ottilie ukawa kama kanga iliyoanikwa. Zilipendeza. Nimesema mara moja, sirudii.

Wendell alikuwa anapita pale kila saa. Alijifunza hata kusema mbele ya maua yale aliyotaka kumwambia Ottilie. Nilimsikia kupitia ua: "Ottilie, ningependa... Ottilie, hali ya hewa imekuwa nzuri." Pansi zikamtazama tu. Nami nikaguna upande wangu.

Basi jioni ya kuamkia siku ya Ottilie kufika, redio ikatangaza sakitu.

Sisi watu wa hapa joto halitutishi. Tunalizoea, tunalitukana, tunaishi nalo. Lakini ikitajwa sakitu, ule ungaunga mweupe wa baridi kwenye majani, tunachanganyikiwa. Kila mtu anakimbilia kabati la mashuka. Tunafunika milimau, tunafunika mabomba, tunafunika viti. Jirani mmoja hufunika sanamu ya sungura ya saruji. Mgeni akipita asubuhi yake huona mashuka meupe yametandazwa kila ua, akavua kofia kwa heshima.

"Pansi!" Wendell akaja mbio. "Pepa, pansi zitakufa!"

"Mashuka!" nikajibu, na mimi tayari nimebeba mawili.

Lavonne alikuja na matatu na pini za kuanikia nguo. Tukatandaza, tukabana, tukaweka mawe pembeni. Yakawa hayatoshi. Wendell ana mashuka mawili tu duniani na yote ya kitanda cha mtu mmoja. Ndipo akakumbuka ana ufunguo wa nyumba ya Ottilie, alioachiwa ili aangalie mabomba. Akaingia, akatoka na furushi la mashuka mazito meupe yaliyotariziwa ukingoni, akayatandaza kwa upendo, akayakanyagia ncha kwa mawe yenye tope.

Na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza swali dogo. Maua ya baridi, jamani. Tuliyangojea baridi miezi mitatu, tukayalaza kwenye kiyoyozi, tukayanyima hata mwanga wa jua la mchana, na baridi yenyewe ilipokuja tukayafunika yasipigwe na baridi! Wendell alikulia kwenye theluji ya Nebraska, lakini jua la huku lilishamkausha kumbukumbu. Aliburuta kiti chake, akajifunika shuka lililobaki kuanzia kichwani, akasema atakaa hapo alinde. Nikamwacha nikaenda kulala.

Ottilie alifika asubuhi mapema kuliko tulivyomtegemea. Nilisikia breki, nikatoka na kikombe cha kahawa. Alikuwa amesimama kando ya gari lake, mdogo, mwenye miwani mikubwa, anatazama vilima vyeupe mbele ya mlango wake.

"Pepa," akasema polepole. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, shoga, karibu, ni..."

Akasogea, akaushika ukingo wa shuka. "Hii ni taraza ya mama mkwe wangu! Haya ni mashuka yangu ya harusi! Yana mawe juu! Yana TOPE!"

Kwa kelele ile kilima kimoja kikainuka. Wendell alikuwa ameamka kitini na shuka lake kichwani, anatafuta pa kutokea na hapaoni, mikono imenyooka mbele. Ottilie alipiga ukelele ambao mbwa wa mtaa wa pili waliujibu.

"Ni mimi," likasema shuka. "Samahani. Ni Wendell."

Lavonne naye alishafika na wengine nyuma yake, wote na magauni ya kulalia. Wendell akajikwamua, nywele wima, akalivuta lile shuka kubwa. Kisha la pili. Pansi zikatokea, zimelowa kidogo, zimenuna kuliko kawaida.

Ottilie akasogea karibu. Akainama. Akagusa moja kidevuni.

"Mmezifunika?"

"Sakitu," Lavonne akamweleza. "Redio ilisema."

"Mmefunika *pansi*? Kwetu zinachanua na theluji imezikalia vichwani! Nyie watu! Ni sawa na kumfungia samaki mwavuli!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. Wendell akacheka kidogo kwa adabu, asijue anachekwa yeye.

Lakini yale mashuka yalikuwa na faida moja ambayo hatukuijua: yalizuia harufu. Nguruwe wa jangwani hupita mtaani kwetu kila asubuhi kukagua mapipa ya taka, kundi zima, baba, mama na vitoto, na hawaogopi mtu. Kiongozi wao alitokea kwenye kona, akanusa hewa, akaacha pipa. Kabla hatujapiga hatua walikuwa wamo ndani ya pansi mpaka mabegani, wanatafuna sura moja baada ya nyingine.

Wendell alijitupa mbele yao. "Hapana! Tafadhali!" Eti tafadhali, kwa nguruwe. Mmoja akampita katikati ya miguu, Wendell akaangukia makalio. Lavonne akarusha kandambili ikampiga jirani. Ottilie alikimbilia buti la gari, akavuta kitu cha kwanza kilichomfika mkononi, bango la mbao lenye maandishi makubwa, NYUMBA INAUZWA, akaliinua kwa mti wake kwa mikono miwili na kuingia vitani. Alimpiga kiongozi matakoni, bango likalia paa! Akampiga wa pili, likapasuka katikati. Akawafukuza na kipande kilichobaki hadi barabarani, anawatukana kwa lugha ya bibi zake, nao wakatoweka wamebeba maua midomoni.

Nusu ya bustani ilikuwa imechimbuliwa. Wendell alibaki amekaa udongoni, katikati, ameshika mche mmoja mizizi juu, na machozi yanamtoka bila kujificha.

"Nimeshindwa," akasema. "Ulisema mahali pasipoota pansi si mahali pa kuzikwa. Nilitaka uzikute."

Ottilie alikuwa anahema. "Mimi? Nilisema hivyo lini?"

"Mwezi wa nne. Hapo uani."

"Wendell, siku ile nilikuwa na njaa. Sikumbuki nilisema nini." Akatazama mashimo, akatazama koti la Wendell la manyoya lililojaa udongo, akatutazama sisi na magauni yetu. "Tangu mwezi wa nne unalima kwa neno hilo?"

"Tangu wa nane," nikadakia. "Mwezi wa tisa alikuwa anazilaza bafuni na kiyoyozi."

"Nyamaza, Pepa. Wendell, ungenipigia simu."

"Nikuambie nini?"

"Hicho hicho ulichotaka kusema kwa maua."

Wendell akafungua mdomo. Nikaona jambo la hali ya hewa likimjia, nikajisemea moyoni, akilitamka tu namtwanga na hiki kikombe. Akalimeza.

"Usiondoke," akasema. "Mimi nakupenda. Hata zisipoota."

Lavonne akaanza kulia. Mimi machozi yalinitoka pia, na aliyeniuliza nilimwambia ni baridi, nami sitabadilisha maneno. Ottilie akakitupa kile kipande cha bango. Kisha akapiga magoti pale pale kwenye udongo, akachukua ule mche mkononi mwa Wendell, akaugeuza mizizi chini, akaufukia na kuushindilia kwa vidole.

"Unapanda juu juu mno," akamwambia. "Ndiyo maana nguruwe anang'oa kirahisi. Lete mwingine."

Wakawa wanapanda hivyo, yeye anagomba, Wendell anapokea, mabega yanagusana. Simu ya Ottilie ikalia mfukoni. Akaiweka kati ya sikio na bega bila kuacha kazi.

"Ndiyo mwanangu, nimefika. Hapana, sijalisimamisha bango, limevunjika. Mgongoni mwa nguruwe. Nguruwe, ndiyo. Sijanywa chochote, ni asubuhi. Sikiliza. Chukua kalamu. Nitumie sufuria zangu. Hapana, si moja. Zote."